Re: Mbona wiki ya kwanza Lamu nilitota jasho na sasa niko sawa?

Kakangu ulouliza kwa nini ulipotoka Limuru kule kwa baridi kuja Lamu wiki ya kwanza jasho lilikutota, mkojo kidogo na wa manjano, na sasa wiki ya tatu uko sawa tu, huumwi bana, ni mwili unajirekebisha.

Chukulia friji ya duka la samaki, ikipata joto mota inawaka, ikipoa inazima. Kwenye ubongo kuna haipothalamasi, yeye analinda ile nyuzi 37 ya joto la mwili wako, joto likipanda anafungulia jasho na mishipa ya ngozi, likishuka anafunga. Shida ya huku ni unyevu, kaskazi hizi jasho halikauki linatiririka tu, na jasho lisokauka halikupozi, kwa hivyo mwili unazidi kumwaga. Damu nayo ikipungukiwa maji, ikikolea hata kwa asilimia 2 tu kiu inakushika, na kuna homoni inaziambia figo zirudishe maji, ndo maana mkojo ukawa vile.

Kuzoea sasa (hapa ndo pananifurahisha) huchukua kama siku 7 mpaka 14, maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema tena lina chumvi kidogo kuliko mwanzo. Ukikaa Limuru wiki kadhaa yote yanapotea, ukija unaanza upya.

Ila mtu akipigwa na jua la saa saba mpaka aanze kusema mambo yasoeleweka, hapo si kuzoea tena, mmwagieni maji na mumkimbize hospitali. Na soda punguza, madafu yapo.