Shangazi, pasi ipi ya treni kwa milima ya Uswisi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Ni msomaji wako wa Morogoro. Mwezi wa Desemba, Mungu akijaalia, mimi, mume wangu na wanetu wawili, wa miaka 9 na 4, tunakwenda kwa kaka yangu anayeishi Luzern. Tutakaa siku kumi. Tumejinyima miaka mitatu kwa safari hii. Tunataka watoto waione theluji na tupande treni za milimani, hasa zile nyekundu zinazopita juu ya madaraja marefu. Kwenye pasi ndiko ninakochanganyikiwa: kuna Swiss Travel Pass, kuna Flex, kuna Half Fare Card, kuna Eurail. Kaka anasema nichukue tu Swiss Travel Pass ya siku nane, nisihangaike. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako ana nia njema, lakini ya siku nane usiichukue.

Eurail tuiweke pembeni kwanza. Inamfaa anayevuka nchi tatu, nne. Ninyi mna kambi moja, Luzern, na nchi moja. (Wengi huniuliza tofauti yake na Interrail, pasi ya wakazi wa Ulaya. Haiangalii uraia, inaangalia unakoishi. Mtanzania anayeishi Oslo atanunua Interrail, na Mjerumani aliyehamia Arusha atanunua Eurail.)

Sasa chukua kalamu. Andika siku zenu kumi, kisha weka alama kwenye zile mtakazosafiri mbali kweli. Siku ya kufika mtalala. Siku ya pili watoto watataka kuchezea theluji hapo hapo nje kwa mjomba wao. Krismasi mtakaa na ndugu. Nakadiria zitabaki siku nne za treni, tano zikizidi. Swiss Travel Pass ya kawaida, unayopandia treni, mabasi na meli bila kulipa kila safari, huhesabu siku mfululizo. Ukianza kuitumia Jumatatu, inakwenda hadi iishe, upande treni usipande. Siku ya kukaa ndani mnakunywa chai na wifi yako utakuwa umeilipia nauli.

Hili lilinipata mimi. Dada yangu alipokuja kutoka Tanga, ilikuwa Januari, nilimchukulia pasi ya siku nne mfululizo. Siku ya kwanza tulikwenda vizuri. Ya pili akaamka na homa. Ya tatu tukapanda hadi Alp Grüm, stesheni ya mlimani kwenye njia ya Bernina, mita 2,091 juu ya bahari, na wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye reli. Tuliposhuka kwenye treni hatukuweza kusoma jina la stesheni hadi tulipokaribia kibao. Ya nne theluji ikaanguka kutwa. Siku ya tano, pasi imeshakufa, jua likatoka na milima yote ikawa wazi. Nilimwonea huruma mno, maana alikuwa amekuja kwa ajili ya milima ile. Tangu hapo, anayekuja msimu wa baridi namwambia anunue kitu kitakachomruhusu kusubiri hali ya hewa.

Vitu vya namna hiyo ni viwili. Flex ni ile ile Swiss Travel Pass, ila siku unazichagua mwenyewe ndani ya mwezi mmoja. Ni ghali kuliko ya mfululizo, na kila siku ya safari lazima uiwashe mtandaoni kabla hujapanda. Ya pili ni Swiss Half Fare Card, kadi ya nusu nauli. Unailipia mara moja, na kwa mwezi mzima unalipa nusu kwenye treni, mabasi, meli za ziwani na reli nyingi za milimani.

Kwa familia yako nachagua kadi ya nusu nauli, na sababu yangu kubwa ni milima yenyewe. Watu wengi hudhani Swiss Travel Pass inawapandisha kileleni bure. Mlima Rigi, karibu na Luzern, ndiyo, inapandisha bure. Lakini kwenda Jungfraujoch, kile kituo cha mita 3,454, pasi hiyo inakufikisha vijiji vya Wengen au Grindelwald, na kutoka hapo inakupunguzia robo tu ya nauli. Kadi ya nusu nauli inakupunguzia nusu. Na kipande hicho cha juu ndicho chenye nauli ya kuumiza. (Mimi mtoto wa miaka minne nisingempeleka juu kiasi hicho. Wengen panamtosha.)

Usinikubalie kwa maneno matupu. Fungua programu ya SBB, shirika la reli la Uswisi, tafuta kila safari uliyoiwekea alama, andika nauli kamili ya mtu mzima, jumlisha. Tuseme imefika faranga 600. Kwa kadi ya nusu nauli utalipa 300 pamoja na bei ya kadi. Weka jumla hiyo kando ya bei ya Flex ya siku nne uone. Kama mngekuwa mnalala mji mwingine kila usiku na kuingia makumbusho, hesabu ingegeuka, kwa sababu Swiss Travel Pass inafungua makumbusho zaidi ya 500. Wenye kaka wa kuwapokea hawahami hivyo.

Watoto wasikutie wasiwasi. Wa miaka minne hana nauli. Wa tisa mwombee Swiss Family Card unaponunua kadi zenu. Hailipiwi, na atasafiri bure akiwa na mzazi. Ni lazima uiombe, haiji yenyewe. Majina yote yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, kwani kondakta anaweza kuitaka pamoja na kadi.

Tuje kwenye treni nyekundu. Glacier Express, Zermatt hadi St. Moritz, ni kilomita 291 kwa takriban saa nane, na kiti ni lazima uweke mapema kwa ada ambayo pasi hailipii. Saa nane na mtoto wa miaka minne, mwanangu, hapana. Bernina Express, ya Chur hadi Tirano, nayo inataka kiti kwa ada. Lakini reli ile ile ina treni ya kawaida kila saa, nyekundu vile vile, isiyotaka kuweka kiti. Tena baadhi ya mabehewa yake yana madirisha ya kushusha, ukapiga picha bila kioo kukurudishia sura yako. Wewe uliyezoea tiketi ya SGR yenye saa na namba ya kiti, hili litakushangaza: unaingia, unakaa palipo wazi.

Ondokeni Luzern kukiwa kumepambazuka. Desemba huku mwanga unakuja saa mbili asubuhi, na saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, kwa hiyo safari ya kuangalia milima ifanyeni mchana. Badilisheni treni Thalwil, kisha Chur, mji ninaoishi mimi. Kutoka Chur kaeni upande wa kulia. Kabla ya Filisur treni inapinda juu ya daraja la Landwasser, mita 65 kutoka bondeni, na kwa kuwa daraja lenyewe limepinda, mtoto ataona kichwa cha treni yake mwenyewe kikiingia ndani ya jabali. Laleni Samedan au Pontresina usiku mbili.

Kesho yake pandeni treni ya Tirano. Inafika mita 2,253 pale Ospizio Bernina, pembeni mwa Lago Bianco. Desemba ziwa limeganda, na upepo huifagia theluji juu yake ikabaki mistari mistari kama mchanga wa ufukweni maji yakitoka. Siku nyingine ya jua, dada yangu aliweka paji la uso kwenye kioo na hakusema neno mpaka ziwa likaisha. Kisha treni inashuka na kushuka hadi Tirano, mita 429 tu, na mjini inapita barabarani kabisa, magari yakiisubiri. Hapo ni Italia. Viza ya Schengen inatosha, pasipoti zisibaki Luzern. Chakula cha pale, pizzoccheri, ni tambi za unga mweusi wa buckwheat zilizochanganywa na viazi, kabichi na jibini, hakina nyama. Kama hela ya malazi inabana, laleni usiku mmoja na mgeukie Alp Grüm, bila kushuka hadi Tirano.

Tiketi za bei ya kutupa zilizofungwa kwenye treni moja, za milimani msizinunue. Zitawalazimisha kupanda hata wingu likiwa limeshuka. Wekeni siku ya Rigi bila tarehe. Mkiamka Luzern mkaona ukungu umeziba hata paa la jirani, angalieni kamera za kileleni kwenye simu. Mara nyingi juu kuna jua kali. Treni hadi Arth-Goldau, kisha reli ya meno, treni inayopanda kwa gurudumu lenye meno, hadi mita karibu 1,750, na ule ukungu mtauona chini yenu umetanda kama bahari.

SWALI: Shangazi, mimi ni Mkenya, mwanafunzi Stuttgart, miaka 23. Nina Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya treni za mkoa za Ujerumani. Itanifikisha huko kwenye treni nyekundu?

JIBU: Itakufikisha mlangoni tu. Kwa treni za mkoa utafika nayo Schaffhausen, au Basel kwenye stesheni ya Badischer Bahnhof. Zaidi ya hapo unahitaji nauli ya Uswisi. Bahati yako ni kwamba unaishi nje ya Uswisi, hivyo Swiss Travel Pass unaruhusiwa, na aliye chini ya miaka 25 hupunguziwa asilimia 30. Mimi ninayeishi Chur siuziwi. Kama unakwenda siku tatu na kila siku uko njiani, ichukue ya mfululizo, lakini subiri utabiri wa hali ya hewa wa Samedan kwanza, ndipo ulipie.