Bwawa la marehemu baba linanuka: nimwage chokaa?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Baba alituachia bwawa la udongo nyuma ya nyumba, mita 10 kwa 15, hapa Morogoro. Tangu afariki, mwaka wa nne huu, halijaguswa. Maji meusi, matete yameota hadi katikati, na alfajiri nawakuta perege wadogo wadogo wamejazana juu wakitweta. Jirani anasema nimwage chokaa humo humo maji yasafike. Je, ni sawa?

Jibu: Marahaba, na poleni kwa kufiwa. Chokaa utaimwaga, ila si sasa wala si ndani ya maji hayo. Maji yenye uozo yana amonia. Chokaa ikipunguza uchachu wa maji ghafla (yaani pH ikipanda), amonia hiyo inakuwa sumu kali zaidi, na kesho yake utaokota mizoga.

Tena ugonjwa wako hauko kwenye maji, uko chini. Chukua jembe, chota tope la katikati. Likiwa jeusi tii na linanuka mayai viza, ndilo linalokula hewa usiku kucha, ndiyo maana samaki wanatweta alfajiri. Ukibadilisha maji tu, baada ya mwezi mtarudi pale pale.

Subiri kiangazi, kisha kausha. Maji yapeleke kwenye migomba, usiyaelekeze mtoni. Perege utakaowatoa wapeleke jikoni: wamezaliana wakabanana hadi wakadumaa, na kuwarudisha ni kufuga udogo ule ule. Matete ng'oa na mizizi yake, maana mizizi ndiyo inayotoboa kingo.

Tope zoa, bakiza kama sentimita 10. Usilirundike juu ya tuta, mvua ya kwanza italirudisha ndani. Halafu acha jua lifanye kazi wiki mbili, mpaka sakafu ipasuke nyufa za kuingia kidole. Hapo pita na fimbo kwenye kila kidimbwi kilichobaki ukitafuta kambale. Huyu hujichimbia topeni na kuvumilia ukavu. Niliwahi kumdharau mmoja tu, nikapandikiza vifaranga juu yake. Nilipovuna nilivuna yeye, amenenepa kama paka wa buchani.

Sasa ndiyo zamu ya chokaa. Tafuta ya kilimo, gramu 100 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 15 hadi 30 kwa bwawa lako. Nyunyiza sakafuni na kwenye kingo kwa ndani. Ile iliyochomwa, ya kupakia nyumba, ni kali zaidi na inaunguza ngozi, kwa hiyo usiitumie kwa kipimo hiki. Jaza maji kupitia wavu wa matundu madogo, ngoja wiki moja au mbili ndipo uweke samadi. Itie kwenye gunia, ulitumbukize pembeni. Chokaa na samadi visiwekwe siku moja.

Maji yakianza kuwa ya kijani, zamisha mkono taratibu. Kiganja kikipotea maji yanapofika kwenye kiwiko, leta vifaranga vya sato madume, wawili au watatu kwa mita ya mraba. Kikipotea mapema, toa gunia. Ukikiona hata maji yakipita kiwiko, ongeza samadi kidogo, upime tena baada ya siku chache.