X-Trail inazima kwenye D baada ya kubadilisha kontroli boksi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Nissan X-Trail T30 ya 2004, injini QR20, gia otomatiki. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) iliungua, nikanunua iliyotumika pale Gerezani, Dar es Salaam. Gari linawaka, lakini sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda hadi 1,400 kwa dakika halafu inaporomoka, na nikiweka D kwenye foleni linazima. Taa ya injini haizimiki. Fundi wangu anataka tulifanyie tyuning kwa kompyuta. Je, ndiyo dawa? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Usilipie tyuning. Tyuning ni kubadilisha hesabu za mafuta na cheche zilizowekwa kiwandani, na injini yako ni ileile ya kiwandani. Shida iko kwenye kumbukumbu. Throto yako (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) ni ya umeme, haina waya wa kuvutwa na pedeli, na boksi uliyonunua bado inakumbuka throto ya gari lingine: inafunga wapi, ina masizi kiasi gani, ipitishe hewa kiasi gani injini ikiwa haijakanyagwa. Inatakiwa ifundishwe throto yako.

Kwanza linganisha namba. Nissan hukipa kifaa hiki namba inayoanza na 23710, na tarakimu zinazofuata ndizo hutofautisha gia ya mkono na otomatiki. Soketi kuingia vizuri hakuthibitishi kwamba boksi ni yenyewe. Zikitofautiana na za boksi iliyoungua, irudishe dukani mapema. Suala la boksi kuukataa ufunguo wako liache, maana gari linawaka. Kama lingekuwa hilo, mashine ya kupimia ingesoma kodi (namba ya hitilafu) kati ya P1610 na P1615.

Kisha safisha throto kabla ya kufundisha. Zima swichi, toa soketi yake, puliza dawa kwenye kitambaa na ufute masizi. Usisukume kisahani cha ndani kinachofunga hewa kwa bisibisi, meno ya plastiki ndani huvunjika. Kagua na mipira ya hewa, hasa ule wa mvuke wa injini ambao hupasuka upande wa chini usioonekana. Ukisafisha baada ya kufundisha, kazi yote inaanza upya.

Sasa mafunzo yenyewe, na ni bure. Endesha gari dakika 10 hivi ili injini na gia vipate moto. Lisimamishe kwenye P, usukani umenyooka, AC, taa na kipasha-kioo cha nyuma vimezimwa. Injini ikiunguruma, pima betri: lazima isome zaidi ya volti 12.9. Wengi hukwama hapa, kwa sababu boksi hukataa kujifunza kimyakimya bila kukupa kodi.

Zima. Mguu ukiwa mbali na pedeli, washa swichi bila kupiga stata, hesabu sekunde 2, zima, subiri sekunde 10. Rudia mara moja. Hapo imejifunza pedeli, na ile sauti ndogo unayoisikia kwenye throto ukizima ni kisahani kinatafuta mahali pake pa kufunga.

Hatua ya mwisho, ya kuifundisha kiasi cha hewa, inadai saa ya ukutani au ya simu, usikadirie kichwani. Washa swichi, subiri sekunde 3. Kanyaga pedeli hadi mwisho na kuachia, mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7 mguu ukiwa mbali na pedeli. Kanyaga hadi mwisho na ushikilie, kama sekunde 20, hadi taa ya injini iache kumeta na ibaki imetulia. Achia ndani ya sekunde 3 tangu itulie, piga stata, uache iungurume sekunde 20. Kisha vuta mafuta mara mbili tatu. Sailensi inatakiwa kukaa karibu na 700, ikicheza 50 juu au chini. Ukikosea sekunde, zima, subiri 10, anza tena, hakuna kinachoharibika.

Ikigoma mara tatu, acha pedeli na urudi kwenye hewa na umeme. Mashine inayoelewa Nissan itakuonyesha masahihisho ya mafuta, yaani boksi inavyoongeza au kupunguza mafuta: kawaida yako kati ya 75 na 125 kwa mia, na yakigota 125 mara nyingi injini inavuta hewa isiyopimwa. Kodi P1225 inasema throto haijajifunza kufunga; hiyo mara nyingi ni masizi au throto yenyewe imechoka.

Halafu kuna jambo ambalo hukuniuliza nalo linanitia wasiwasi: boksi ya kwanza iliunguzwa na nini? Zikiwa zimetolewa soketi, pima mota ya throto. Inatakiwa kusoma kati ya ohm 1 na 15. Ikiwa sifuri, imepiga shoti, na itaiua hata hii ya pili. Pima chaji: ikipita volti 15, altaneta ndiyo mhalifu. Pima pia kati ya nguzo hasi ya betri na chuma cha injini wakati wa kupiga stata. Ikizidi nusu volti, waya wa athi (unaounganisha nguzo hasi na chuma cha gari) umeoza, jambo la kawaida kwa magari yanayolala karibu na bahari au yaliyopita kwenye maji ya mafuriko. Na siku ukichomelea bodi, toa nguzo za betri na soketi za kontroli boksi kabla fundi hajagusa mashine ya kuchomelea.