Kengele ya moshi inayolia alfajiri tu

Dada, umeuliza kwa nini kengele yako ya moshi hulia alfajiri tu: huo mlio mfupi wa kila dakika hivi si moshi. Ni betri imechoka. Baridi ya alfajiri hapa Nakuru huishusha volteji zaidi, ndiyo maana mchana inanyamaza. Weka betri mpya ya alkalini ya volti 9 (zile za bei rahisi hazidumu), kisha ushikilie kitufe cha kujaribu mpaka ipige kelele. Bado inalia? Angalia tarehe ya kutengenezwa nyuma ya kengele: ikiwa imepita miaka 10, nunua nyingine, kihisi kimezeeka. Vumbi na wadudu pia huisumbua, hasa kwa walio Kisumu karibu na ziwa. Pitisha brashi laini kwenye matundu. Na kama iko jikoni, isogeze angalau mita 3 kutoka kwa jiko.