Kushuka Kyela na mtoto wa miezi 7: avae nini?

Dada, umeuliza umvalishe nini mtoto mkishuka kutoka Mbeya kwenda Kyela Oktoba hii. Punguza masweta! Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kyela haifiki 600; baridi mtaiacha Tukuyu, mji wa njiani. Ndani kifulana cha pamba, juu sweta la vifungo, unalivua garini bila kumwamsha. Mimi wa kwangu nilimteremsha stendi na kofia ya sufu (bibi yake alisisitiza), shingo nzima vipele vya joto. Mguse nyuma ya shingo: ukikuta jasho, vua kimoja. Juani kofia pana ya kitambaa, mikono mirefu myepesi. Ukimbeba mgongoni usimfunike uso na khanga, hewa haipiti. Na umnyonyeshe mara kwa mara njiani.