Siku kumi na nne, kaka, si kiholela

Hapana kaka, hao jamaa wa kijiwe cha kahawa Kariakoo wamekupa nusu. Wanasema Rais akitangaza hali ya hatari anatawala atakavyo mpaka achoke. Fungua Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 32. Tangazo linapelekwa kwa Spika, Bunge linaitwa ndani ya siku 14, na lisipopata theluthi mbili ya wabunge wote linakufa lenyewe. Likipita linadumu miezi 6, kuongeza kunahitaji theluthi mbili tena.

Kwenye karatasi breki ipo. Ila chama kimoja kikijaza viti, theluthi mbili inapatikana kabla ya chai ya saa nne, hapo nao wana hoja. Misri walitangaza hali ya hatari Oktoba 1981 Rais wao Sadat alipouawa, wakaongeza na kuongeza hadi Mei 2012.

Mimi kinachonitisha zaidi ni sheria za kawaida. Ile ya 1962 ya kuweka watu kizuizini haikuhitaji hali ya hatari yoyote: Rais anasaini, unaingia ndani bila kesi, na mahakama haikuwa na ruhusa ya kuhoji amri yake. Na tulikuwa hatujatimiza hata mwaka wa uhuru! Tume ya Jaji Nyalali, ile iliyokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama vingi, ikaja kuiweka kwenye orodha ya sheria 40 kandamizi. Waulize hao wa kijiweni kama wamesoma na ibara ya 31 ya Katiba, maana hiyo inaruhusu sheria kubana haki za mtu hata nyakati za kawaida akionekana anahatarisha usalama wa taifa.