Pora au mtetea? Kwa mnaoanza kufuga kuku Lubumbashi

Ndugu unayeanza, najua swali lako la kwanza vifaranga wakishatotolewa: humo mapora (majogoo wachanga) ni wangapi, mitetea ni wangapi? Ni swali la haki. Lupango zetu (viwanja vya nyumba) za mitaa ya Katuba au Kenya hapa mjini ni ndogo, chakula cha kuku hakipatikani bure, na jogoo mmoja anawatosha mitetea kumi hivi. Ukiacha majogoo wanne kwa mitetea sita, watapigana kila siku na migongo ya mitetea itanyonyoka manyoya. Ila kwa kuku wa kienyeji, anayekupa jibu wiki ya kwanza anabahatisha tu.

Utaambiwa yai lililochongoka hutoa jogoo na la mviringo hutoa mtetea. Achana na hilo. Kwa kuku, jinsia hutokana na mama, na imeshaamuliwa kabla yai halijapata ganda. Joto la kiota halibadilishi kitu. Hayo ni ya mamba.

Kuangalia tundu la haja ni kazi ya mafundi. Mbinu hiyo ilitoka Japani, ikasambaa miaka ya 1930, na hujifunzwa kwa muda mrefu. Mkono usiozoea unamuumiza kifaranga. Urefu wa manyoya ya bawa nao hufaa kwa mbegu zilizopandishwa kwa kusudi hilo tu, tena siku mbili tatu za mwanzo. Rangi inasaidia kwa vifaranga wa kisasa wa mayai, wale wa kahawia: majike hutoka kahawia, madume hutoka weupe wa njano. Lakini ukija kuwapandisha hao majike hapo nyumbani, usitegemee tena rangi kwa watoto wao.

Kwa hiyo subiri, na ulinganishe ndugu wa mtotoo mmoja. Kuanzia wiki ya tano au ya sita, upanga wa pora, yaani ile nyama ya juu ya kichwa, hunenepa na kuanza kuwa mwekundu, ndevu zinachomoza chini ya mdomo, miguu inakuwa minene. Wa mtetea hubaki mdogo, wa njano au waridi hafifu, kwa majuma mengi. Usimlinganishe kifaranga wa wiki sita na wa wiki nane, utadanganyika. Na kuna kuku ambao upanga wao ni mdogo kwa jogoo na kwa mtetea, kama kuchi. Kwa hao upanga hauna la kukuambia.

Mimi naamini kiuno kuliko kitu kingine chochote. Akifika miezi mitatu hivi, mshike asubuhi kwenye jua, mgongo ukuelekee, ulaze manyoya kwa kidole pale mgongo unapokutana na mkia. Ya mtetea yana ncha ya mviringo na yamelaliana kama vigae. Ya pora ni membamba, marefu, yamechongoka, yanang'aa, na yanaanza kuning'inia pembeni. Ukiona hata machache ya namna hiyo yakichipua katikati ya yale ya utotoni, huyo ni jogoo. Shingo hutoa habari ileile, ila kwa kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni, hakuna cha kusoma hapo, na kwa kidimu, kuku wa manyoya yaliyojikunja, yamepinda mno: hapo rudi kwenye upanga na miguu.

Kuwika pia ni ushahidi, lakini kuna pora wanaokaa kimya kwa muda mrefu kwa sababu jogoo mkubwa yupo. Ukimya usikufanye umhesabu kuwa mtetea.

Ili ujifunze haraka, kwenye wiki ya sita wafunge uzi mguuni, rangi moja kwa unaowadhani pora, nyingine kwa mitetea, kisha angalia tena miezi mitatu ikitimia. Legeza uzi kila wiki, maana mguu unakua na uzi utakata ngozi.

Ukienda kununua mitetea sokoni, omba umshike kila mmoja na ufunue kiuno mwenyewe, hata kama muuzaji anaapa. Na mapora wa ziada uliowatambua, watenge na uwanenepeshe: vifaranga waliototolewa Agosti wanakuwa wamefika vizuri Noeli na Bonane (Mwaka Mpya), wakati kila nyumba inatafuta kuku.